Samli Iliyobaki Mezani

Wanawake wa Migori mjini wana kawaida ya kumkwepa Scovia sokoni. Hawamchukii. Ni kwamba amewapapasa. Mke wa mchungaji aliyeficha krimu za kujichubua ndani ya soksi, mwalimu mkuu aliyevaa mikanda miwili ya kubana tumbo, bibi harusi mwenye mimba ambayo mchumba wake hajaambiwa: wote wamepita mikononi mwake wakiwa wamenyoosha mikono kando, na nani anapenda kukutana na mtu anayejua siri za kiuno chake mbele ya fungu la nyanya? Scovia naye hujifanya hawajui. Hiyo ndiyo adabu ya kazi yake, na kwa miaka yote hiyo halijawahi kumtoka neno.

Kazi yenyewe ni ukaguzi wa abiria katika kiwanja kidogo cha ndege ambacho jina lake tuliache lilipo. Kina njia moja ya kurukia, chumba kimoja cha kusubiria, na mashine moja ya kumulika mizigo ambayo umeme ukipotea hugeuka kuwa meza ya kawaida. Hapo mikono ya Scovia huanza kazi. Matiko, mwenzake kutoka Kehancha, hupitisha kifaa cha kugundua chuma kwa wanaume, na yeye Scovia hushika wanawake na mabegi yote.

Asikudanganye mtu kwamba kazi hiyo ni upuuzi. Mwaka mmoja alikuja mchimba dhahabu na mfuko wa unga wa muhogo, amepoa kama maji mtungini. Scovia akatia mkono ndani ya unga akakutana na vitu vidogo vya chuma vyenye nyaya. Fataki za kupasulia mwamba. Yule bwana hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alikuwa akimpelekea shemeji yake mwenye timbo la mawe, lakini fataki haziulizi nia ya mtu. Tangu siku hiyo Scovia hakuona tena aibu kumvua mama mzee mshipi. Abiria waliolalamika kuhusu haki zao aliwajibu kwa sentensi moja ambayo Matiko aliijua kwa moyo: "Haki yako ya kwanza ni kufika. Zingine utadai ukishashuka."

Alikuwa na kosa moja kazini. Sheria inasema vitu vya majimaji visipande ndani ya ndege, na kwingine hutupwa pipani mwenyewe akitazama. Scovia hakuweza. Alizaliwa Karungu, mtoto wa mama aliyekausha samaki kwa moshi, na kwao chakula kilichofungwa na mama hakitupwi. Basi nyuma ya meza yake palikuwa na rafu, na kwenye rafu zilikaa asali, samli, maziwa ya mgando na michuzi ya watu, mpaka jamaa aje kuchukua. Bosi wao, Bwana Omwenga, alimwambia mara nyingi aiondoe. "Sawa, bosi," alijibu kila mara, na rafu ikabaki.

Asubuhi moja ya mawingu mazito Omwenga aliingia na wanaume wawili waliovaa kiraia. Mmoja alikuwa na kofia safi ya kaki na sauti ya chini, sauti ya mtu anayetembelea mgonjwa. Akamwonyesha Scovia picha kwenye simu.

"Madam, huyu kijana atapita hapa leo. Ni mtu hatari."

"Amefanya nini?"

"Hiyo tuachie sisi. Kazi yako ni ndogo tu. Akishavua viatu na kuweka vitu vyake kwenye trei, mwambie asogee kando akaguliwe mara ya pili. Mwambie ni utaratibu. Dakika mbili."

Scovia alimtazama Matiko. Matiko alikuwa anatazama sakafu. Akamtazama Omwenga, na Omwenga akakaza tai yake. Mpaka wa Tanzania haukuwa mbali, redioni walikuwa wakizungumzia watu wabaya wanaovuka, na zile fataki ndani ya unga hazikuwahi kumtoka kichwani. Akaitikia. Ndivyo ubaya unavyoingia, jamani. Hauji na panga mkononi. Huja na kofia safi, na husema tafadhali.

Kijana alipofika, Scovia alitafuta hatari usoni pake asiione. Kitambulisho kilisema Byron, mzaliwa wa Magunga. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi, na alikuwa akigeukageuka kutazama lango. Alivua viatu vya turubai, kimoja kina kamba nyekundu na kingine nyeupe, akaviweka kwenye trei pamoja na simu mbili. Ndani ya begi mlikuwa na nguo za kubadilisha na mkebe wa plastiki ambao mfuniko wake ulifungwa kwa kipande cha leso ya kijani.

"Hii ni nini?"

"Ni samli, auntie. Mama amenifungia nimpelekee shangazi yangu Homa Bay."

"Na ndege inaenda Nairobi."

Byron akacheka kidogo bila furaha. "Ningekataa angeuliza naenda wapi. Nikimwambia, kesho wakija kumuuliza atakuwa na cha kusema. Afadhali asijue."

"Wakina nani?"

Alisema tu kwamba siku ya maandamano alichukua video za vijana wakipigwa, na nyuso za waliowapiga zinaonekana, na kuna watu Nairobi wanaomngoja akatoe ushahidi. Alisema kwa haraka, kama mtu anayeacha funguo kwa jirani. Kisha akaonyesha mkebe. "Si utaniwekea? Nikirudi nitauchukua."

"Nitakuwekea."

Akauweka mkebe kwenye rafu. Alipogeuka aliona, kupitia upenyo wa mlango wa chumba cha kando, ukingo wa ile kofia ya kaki. Hapo angeweza kusema neno. Angeweza kukohoa, angeweza kumwambia kijana amesahau kitu nje. Scovia alijua hivyo wakati uleule, wala hakuhitaji kungoja majuto yamfundishe. Lakini Omwenga alikuwa amesimama pale, na agizo ni agizo.

"Kijana, sogea pale kando kidogo. Ni utaratibu tu. Dakika mbili."

Byron alitazama miguu yake yenye soksi, moja imetoboka kidoleni. Akatazama mlango, kisha akamtazama Scovia, na ilikuwa wazi kwamba ameelewa kabla yake.

"Auntie, unajua wananipeleka wapi?"

"Ni dakika mbili tu," Scovia alisema.

Mlango ulifungwa. Chumba kile kina mlango mwingine unaotokea uani, na haukupita muda gari likawashwa huko nyuma. Mwenye kofia akarudi, akachukua begi, simu zote mbili, na viatu. Mkebe wa samli hakuuona, na angeuona asingejua ni wa nani. Ndege ikaruka na kiti kimoja kitupu. Abiria wengine wote walifika salama.

Mwezi haukuisha. Scovia alikuwa jikoni akichagua omena, wale dagaa wa ziwani, redio ya Kijaluo imewashwa, matangazo ya vifo yakafuatana kama kawaida ya saa za mchana. Marehemu huyu, mwana wa fulani, mazishi siku fulani. Kisha likasomwa jina la Byron wa Magunga, aliyezama ziwani Karungu. Mwili haujaonekana. Viatu vyake vilikutwa juu ya mawe ya ufuoni, kimoja cha kamba nyekundu na kingine cha kamba nyeupe. Familia imekata tamaa ya kumngoja, na Jumamosi itamzikia yago.

Scovia akaketi chini palepale, omena mapajani.

Yago ni tunda la mvungunya, refu, zito, la kijivu. Mjaluo akipotea na mwili wake usionekane, tunda hilo huzikwa badala yake, kwa maombi na kilio chote anachostahili mtu, ili roho yake ipate mahali pa kulala. Na aliyezikiwa yago amekwisha kufa. Hata akirudi kesho anapumua, lango la kwao halimpokei tena, kwa maana kuna kaburi lake ndani. Scovia alilijua tunda hilo vizuri. Alipokuwa msichana, ziwa lilimchukua kaka yake na halikumrudisha, wakamzika hivyo. Mama yao hakuwahi tena kufunga mlango kwa komeo mpaka siku alipokufa mwenyewe. Alimzika mwanawe kwa mikono yake miwili, na bado kila mbwa akibweka aliinua kichwa.

Lakini kaka yake alizama kweli. Huyu Byron hakuzama. Alivua viatu vile mbele ya meza ya Scovia, na mguu usio na kiatu hauwezi kuviacha viatu hivyohivyo Karungu. Mtu alivipeleka. Mtu aliyelijua ziwa, na aliyewajua watu wa ziwa, kwamba ukiwaonyesha viatu ufuoni watamalizia hadithi wenyewe. Jumamosi mama angemfukia mwanawe, labda akiwa hai mahali fulani gizani, na baada ya hapo nani angemtafuta? Aliyezikwa hatafutwi.

Kesho yake alimwuliza Matiko wakiwa wawili tu kama aliona alichoona.

"Madam Scovia," Matiko alisema, akifuta kifaa chake kilichokuwa safi tayari, "mimi niko na watoto wadogo. Macho yangu hayakuona kitu. Na yako wewe pia hayakuona."

Jioni Omwenga alimwita ofisini. Alikuwa mchangamfu mno. Alisema amesikia kuna mtu anauliza habari za yule kijana, na kamera siku ile ilikuwa mbovu, bahati mbaya. Akamimina chai, akasukuma kikombe upande wa Scovia.

"Binti yako, Joyline, bado yuko kule bweni Asumbi, ama?"

"Bado yuko."

"Shule nzuri. Ila nilipita pale juzi na rafiki zetu, tukashangaa. Mtu anaingia getini bila hata kuulizwa." Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtaalamu. "Usalama ni kitu cha maana, Scovia. Wewe unajua kuliko wote."

Chai ile hakuinywa. Alirudi nyumbani, na usingizi ukamkataa. Aliogopa, tuseme ukweli, kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Mtu mwingine angenyamaza, na mimi nisingemlaumu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini kila alipojaribu kunyamaza alimwona mama yake akiinua kichwa mbwa anapobweka.

Ijumaa alikwenda Asumbi, akamtoa Joyline kwa kisingizio cha jino, akamficha kwa dada yake Karungu. Jumamosi aliuchukua mkebe kwenye rafu, akautia ndani ya mkoba, akaenda Magunga.

Msiba ulikuwa mkubwa. Hema zilijaa, kwaya ya akina mama iliimba, na juu ya meza ndefu palikuwa na jeneza dogo limefunguliwa. Ndani, tunda limevikwa shuka jeupe mpaka juu. Viatu viwili vya turubai vimepangwa juu ya shuka, kamba nyekundu na kamba nyeupe. Scovia alipita karibu navyo bila kusimama. Hatua chache kutoka pale kaburi lilikuwa tayari, udongo wake bado mbichi.

Na ndani ya hema ya pili, kati ya waombolezaji, ameshika soda yenye mrija, aliketi mwanaume wa kofia ya kaki. Alikuwa ameivua kofia kwa heshima na kuiweka gotini. Alimwona Scovia. Akamwinamishia kichwa taratibu, kama watu wanaofahamiana kazini.

Angegeuka nyuma hapo. Miguu yake yenyewe ilitaka. Badala yake ikampeleka ndani ya nyumba, ambako Min Byron, mama mwenyewe, aliketi sakafuni katikati ya wanawake wa ukoo. Alikuwa mama wa makamo, mabega mapana ya kulima, sauti imekwisha kwa kulia. Leso yake ya kijani ilikuwa imechanwa ukingoni.

Scovia alipiga magoti, akautoa mkebe, akauweka mbele yake.

Min Byron aliugusa ule mfuniko, akagusa kipande cha kitambaa, kisha bila kuangalia akashika ukingo uliochanwa wa leso yake.

"Nyathina," alisema. Mwanangu. Kisha akainua macho. "Wewe ulitoa hii wapi?"

Scovia akaeleza yote. Alieleza kiwanja, kofia, viatu kwenye trei, mlango wa uani. Hakuruka kitu, hata yale maneno aliyomwambia kijana, hata kwamba alijua angeweza kukohoa.

"Kwa hivyo ni wewe ulimwambia asogee kando."

"Ni mimi, mama."

Mwanamke mmoja alitoa sauti ya mtu aliyeungua. Min Byron akamnyamazisha kwa kiganja.

"Aliniambia anaenda Homa Bay. Nikawauliza walioniletea viatu, mtu wa kwenda Homa Bay, viatu vyake vilifuata nini Karungu? Wakaniambia mama, vijana wa siku hizi ni waongo." Alifungua fundo polepole, akainua mfuniko, akanusa. Akachovya kidole na kukionja, na uso wake ukafanya kitu ambacho Scovia hakuweza kukitazama. "Bado haijaharibika," alisema.

Akasimama. Alitoka nje na mkebe kifuani, akapita katikati ya kwaya mpaka mbele ya jeneza, na kwaya ikakatika ubeti katikati. Akachukua viatu, kimoja kimoja, akavitia kwapani.

"Hakuna mtu anazikwa hapa leo. Hilo tunda litoeni, mlitupe nje ya boma."

Mzee Javan, kaka ya marehemu mumewe, alisogea na fimbo yake. "Min Byron, huzuni imekuzidi. Na kaburi likishachimbwa haliwezi kubaki wazi. Litaita mtu. Unajua hivyo."

"Basi zikeni mgomba."

Wazee wakatazamana. Ni njia inayokubalika; shimo likichimbwa kwa makosa hulishwa shina la mgomba lisije likadai mwenye nyama. Vijana wawili wakaenda shambani na panga. Watu walianza kunong'onezana, jina la kiwanja likapita kutoka hema hadi hema, na Scovia, akichungulia dirishani, aliona kile kiti cha hema ya pili kina soda tu. Nje ya ua wa minyaa kulikuwa na gari jeupe ambalo halikuwepo alipofika.

Min Byron alirudi ndani. Alimwonyesha Scovia mahali kwenye mkeka, katikati ya wanawake, mbali na dirisha.

"Sijui kama nitakusamehe," alisema. "Hiyo tutaona. Lakini keti. Barabarani hutarudi leo."

Scovia akaketi. Huko nje shina la mgomba lilianguka, likaburutwa, na udongo ukaanza kumwagwa juu yake kwa majembe. Wanawake walisikiliza. Mmoja wao, asiyemjua Scovia hata kwa jina, alimshika mkono na hakuuachia.

Majembe yalikuwa bado yanafanya kazi hodi ilipopigwa. Yule mwanaume alisimama mlangoni, kofia ya kaki mkononi, wenzake wawili nyuma yake. Aliwapa pole wote kwa sauti ya chini. Akasema wamesikitika sana kuingilia msiba wa watu.

"Mama, tunaomba yule dada atoke nje kidogo tuongee naye," alisema. "Ni utaratibu tu. Dakika mbili."

Min Byron alivuta kigoda chake mpaka kizingitini, akakiweka katikati ya mlango, akaketi na viatu vya mwanawe mapajani. Nyuma yake wanawake walianza kusimama mmoja mmoja, wakasogea mpaka Scovia hakuona tena mwanga wa nje.

"Dakika mbili za mwanangu hazijaisha," alisema. "Mtaleta kwanza hizo."

Mwanaume alivaa kofia yake, lakini hakuondoka.